Shukrani kwa kijana wa Kirumba aliyeturudishia sauti

Ninamshukuru hadharani kijana mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, ambaye hakupenda jina lake litajwe. Kompyuta ya mezani ya kwaya yetu, inayotumia mfumo endeshi wa Linux, ilikuwa imenyamaza kabisa tangu ilipounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, na fundi wa awali alitushauri tununue kadi mpya ya sauti.

Kijana huyu hakugusa hata bisibisi. Aliandika amri ya aplay -l, inayoorodhesha kadi za sauti za kompyuta, akatuonyesha kwamba kadi inatambulika vizuri. Kisha akafungua alsamixer, programu ya kurekebisha viwango vya sauti, akaichagua kadi hiyo kwa kitufe cha F6, na chini ya mstari wa Master, yaani sauti kuu, zikaonekana herufi MM, yaani sauti imefungwa. Alipobonyeza M, zikawa OO. Spika bado zilikuwa kimya, ndipo akafungua pavucontrol, programu ya kuchagua sauti itokee wapi, akaona kwamba sauti inaelekezwa kwenye HDMI, yaani kwenye televisheni, akairudisha kwenye spika, na wimbo ukasikika.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba alirudia hatua zote huku mwanakwaya wetu mdogo ndiye anayebonyeza, akimsubiri bila haraka, wala hakupokea malipo. Mdogo wangu, ahsante sana. Nanyi mafundi wenzake, tafadhali kagueni njia ya sauti kwanza kabla ya kumwambia mtu anunue kifaa.