Jumba la mizimu la 1972 lisinyooshwe

Mhariri,

Filamu za kutisha zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni zikirudi hewani, watazamaji husema zimechakaa na siku hizi zinachekesha tu. Mara nyingi wa kulaumiwa ni runinga iliyo mbele yao. Nachukua mfano wa The Stone Tape, iliyorushwa na BBC2 siku ya Krismasi, 25 Desemba 1972.

Mtunzi Nigel Kneale aliwapeleka wahandisi wa kampuni moja ya vifaa vya umeme katika jumba kuukuu, Taskerlands, ili wabuni njia mpya ya kurekodi ya kuwapiku Wajapani. Katika chumba walichotaka kuweka data za kompyuta kuna ngazi ya mawe isiyofika popote, na kwenye ngazi hiyo unasikika ukelele wa mtumishi wa kike aliyefariki 1890. Mkuu wao, Peter Brock (Michael Bryant), anashika wazo kwamba jiwe limenasa tukio kama kanda, na kinachoicheza kanda hiyo ni ubongo wa aliyemo chumbani. Ndiyo sababu Jill, mtaalamu wa kompyuta anayeigizwa na Jane Asher, anaona na kusikia, ilhali wengine wanaambulia sauti tu.

Sasa turudi kwenye runinga. Picha ya wakati huo ina umbo la 4:3, yaani upana wa sehemu nne kwa kimo cha sehemu tatu. Ukiijaza kwenye skrini pana ya leo, ya 16:9, kwa kuikata, robo ya kimo chake inapotea, na katika filamu hii juu ndiko kwenye balaa: mwisho wa ngazi. Ukiinyoosha, watu wananenepa kwa theluthi moja na chumba chembamba kinageuka ukumbi. Chagua 4:3 kwenye rimoti, uache weusi ubaki pembeni.

Kosa la pili halionekani upesi. Sehemu kubwa ilirekodiwa studioni kwa kanda ya video, picha nusunusu 50 kwa sekunde: nusu moja ina mistari ya witiri, nyingine ya shufwa. Nakala iliyozibana kuwa picha kamili 25 hugugumiza mwendo, au huacha kingo zenye meno kama ya kitana kila mtu anapogeuka. Programu ya kuchezea video iwekwe itoe picha 50, kila nusu ijitegemee. Mwendo ule laini, kama wa taarifa ya habari, watu huuita wa bei rahisi. Mimi naona ndio unaotisha, kwa kuwa mzimu unatokea mahali panapofanana na matangazo ya moja kwa moja. Lakini zima kile kipengele cha runinga kinachobuni picha za katikati. Kazi yake ni kukisia, na penye giza hukosea.

Mwanga nao usipandishwe ili “kuona vizuri”. Weusi ukigeuka kijivu, mawe yanaonekana wazi kuwa mapambo ya studio, na chenga za kanda zinacheza ukutani kote.

Sauti ni ya mkondo mmoja. Milio iliundwa na Desmond Briscoe wa BBC Radiophonic Workshop, karakana ya BBC ya kuunda sauti za kielektroniki, na ukelele ule unapaswa kutoka palepale picha ilipo. Ukiwasha mfumo wa kuutawanya chumba kizima, unabaki mwangwi usio na mwenyewe. Spika mbili za mbele zinatosha.

Wenye vituo nao wasikate picha kabla ya kurusha, maana hapo mtazamaji hana rimoti ya kumsaidia. Wakumbuke pia kwamba kazi nyingine ya Kneale, The Road ya 1963, hatuwezi kuitazama kwa umbo lolote: rekodi yake ilifutwa, kama zilivyofutwa nyingi za BBC za miaka ile ili kanda zitumike tena.

Mpenzi wa tamthilia za kale