Mfuko wa duka la uwanja wa ndege nao ni mzigo

Wateja wengi wanaponunua tiketi kwetu huuliza kilo za sanduku kubwa, basi. Begi la mkononi halimshughulishi mtu mpaka afike getini, mkono mmoja unakokota begi la magurudumu, wa pili umeshika mfuko wa manukato alioununua nusu saa iliyopita, na mhudumu amwambie achague: auingize mfuko ndani ya begi au alipie mzigo wa ziada. Abiria hulalamika kwamba amenunua humu humu uwanjani. Kweli, amenunua humo. Lakini duka lina mwenyewe na ndege ina mwenyewe, na muuzaji aliyekupigia hesabu hajui tiketi yako inaruhusu nini.

Wenye usemi juu ya kitu ulichonunua uwanjani ni watatu. Shirika la ndege hutazama ukubwa, uzito na idadi ya mizigo. Watu wa ukaguzi wa usalama hutazama vimiminika na betri. Forodha ya unakokwenda hutazama thamani na kiasi, na kununua bila ushuru unakotoka hakukuondolei ushuru unakofika ukizidisha kiwango cha nchi ile. Risiti ya duka haimfungi hata mmoja wao.

Kwa upande wa mashirika, hakuna kipimo kimoja cha begi la mkononi duniani. IATA, chama cha mashirika ya ndege, hutaja sentimita 56 kwa 45 kwa 25 kama mwongozo, magurudumu, mpini na mifuko ya pembeni vikiwemo. Mwaka 2015 kilipendekeza kipimo kidogo zaidi, 55 kwa 35 kwa 20, abiria wakaja juu na mpango ukasitishwa. Leo British Airways inakubali hadi kilo 23 ilimradi uweze kuliinua begi mwenyewe, Lufthansa kilo 8, Emirates daraja la kawaida kilo 7. Kwa hiyo muuza mabegi akikuhakikishia kwamba begi hili ni "saizi ya ndege", muulize ndege ipi. Na hizo kilo 7 ni chache kuliko zinavyosikika: begi tupu la magurudumu laweza kula mbili au tatu, chupa ya kioo ya lita moja ikijaa ni kama kilo moja na nusu, bado kompyuta.

Mashirika ya nauli nafuu ndiyo yenye mitego mingi. Tiketi ya bei ya chini mara nyingi inakupa begi dogo tu la kuweka chini ya kiti cha mbele. Kwa easyJet, kwa mfano, ni 45 kwa 36 kwa 20. Mengine yanaruhusu mfuko mmoja wa manunuzi ya uwanjani juu ya begi hilo, mengine yanauhesabu kama kipande cha pili. Ushauri wetu ni uleule kwa wote: acha nafasi ndani ya begi tangu nyumbani. Mfuko unaoweza kuzama ndani ya begi mbele ya mhudumu huleta ubishi mdogo sana.

Jambo jingine ambalo watu hulipita: tiketi yaweza kuuzwa na shirika moja, ndege ikarushwa na jingine. Begi la mkononi kwa kawaida hufuata sheria za anayerusha. Jina lake limeandikwa kwenye tiketi, kwa herufi ndogo, chini ya namba ya safari.

Sasa vimiminika, ambavyo ndivyo vinavyowapotezea watu pesa zaidi. Mwaka 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege kwa milipuko ya majimaji, na tangu hapo sehemu kubwa ya dunia inataka kila chombo kisizidi mililita 100, vyote viingie kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja. Kinachopimwa ni chombo, si kilichobaki ndani. Losheni iliyobaki kidogo kwenye chupa ya mililita 200 haipiti.

Ulichonunua baada ya ukaguzi hakiguswi na sheria hiyo, mpaka utakapokaguliwa tena. Ukibadili ndege mahali penye ukaguzi mpya, chupa yako inarudi kuwa kimiminika kama kingine. Kinachoiokoa ni ule mfuko wa plastiki angavu wenye ukingo mwekundu, unaofungwa kwa gundi dukani, risiti ikiwa ndani na tarehe yake ikisomeka kwa nje. Muuzaji asipojua kwamba unabadili ndege anaweza kukupa mfuko wa kawaida, hivyo mwambie kabla hujalipa. Ukishafungwa, usiufungue hadi mwisho wa safari, hata kwa kunusa tu. Ukikutwa umefunguliwa, chupa inabaki mezani kwa wakaguzi.

Kwa wanaoingia Marekani na kuendelea na ndege ya ndani kuna njia rahisi zaidi. Kwa kawaida utachukua sanduku lako kwenye uwanja wa kwanza na kulirudisha baada ya forodha. Hapo ndipo pa kuiweka chupa ndani ya sanduku, ukiisetiri vizuri kwenye nguo.

Vipo viwanja vyenye skana mpya vinavyoruhusu vyombo vikubwa. Vizuri, ila usipange safari nzima kwa uwanja mmoja. Utakapopitia kesho huenda bado wanashika mililita 100. Kinywaji chenye kilevi kinachozidi asilimia 70 hakisafiri kabisa, mkononi wala sandukuni.

Wanaonunua vifaa vya umeme wajue kwamba pawabenki, yaani betri ya kuchajia simu, hukaa mkononi tu, haipakiwi chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi. Ikiwa imeandikwa mAh (miliampia-saa) peke yake, zidisha kwa volti kisha gawanya kwa 1,000: mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Tangu Oktoba 2025 Emirates inaruhusu moja kwa kila abiria, na huruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Ndege ikijaa na begi lako likachukuliwa getini kupelekwa chini, toa pawabenki kwanza, pamoja na dawa na pasipoti. Hapo watu huwa na haraka, nao husahau.

Kazi hii tunaifanya bila malipo kwa kila aliyenunua tiketi kwetu. Tuma namba ya tiketi na orodha ya unavyotaka kununua, tutakuambia kila ndege inaruhusu nini na ni wapi utakaguliwa tena. Ukiwa na saa nyingi za kusubiri na unapanga kutoka nje ya uwanja, tueleze pia, maana ukirudi utapita ukaguzi kama abiria anayeanza safari hapo, na katika hali hiyo chupa ni bora uinunue ukisharudi ndani.