Mbona Daktari Anauliza Sana Kabla ya Kukupima?

"Nipimeni malaria, UTI na taifodi." Wateja wengi wa zahanati yetu hapa Masasi huanza hivyo wakifika dirishani, pesa tayari mkononi. Wakiingizwa kwa daktari na kuanza kuulizwa maswali, wengine wananuna: tumekuja kupimwa au kuhojiwa?

Maabara hujibu kile tu ilichoulizwa. Kipimo cha malaria kikitoka hasi, hakikuambii hiyo homa ni ya nini. Cha kutafuta tunakijua kutokana na maelezo yako.

Tunaanza na siku. Ukitujibu "muda kidogo", bado hatujapata kitu. Kama tarehe imekupotea, hesabu kwa gulio, kwa mnada wa korosho, au kwa siku uliyotoka msibani. Malaria kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi tangu mbu akuume hadi homa ianze. Kipindupindu kinaweza kuanza ndani ya saa chache hadi siku 5. Homa ya matumbo, yaani taifodi, mara nyingi huchukua wiki 1 hadi 3. Kwa hiyo aliyeshuka jana kwenye basi la Dar es Salaam, leo anatetemeka, mbu wa Masasi hawana kesi naye. Tutamuuliza ya huko alikotoka.

Halafu shughuli zako. Jirani zetu wa Ruangwa wanakumbuka mwaka 2022, watu walipougua homa na kutokwa damu puani, na 3 wakafariki. Yalisemwa mengi mitaani kabla Wizara ya Afya haijatangaza, mwezi Julai, kwamba ni homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kupitia michubuko, macho au maji machafu. Ndiyo maana utaulizwa kama umelima mpunga bondeni, umelala shambani penye panya, au umechuna mnyama wa porini. Panya ni kitoweo kwa wengi huku kusini, hakuna wa kukucheka. Sema tu.

Swali linalofichwa kuliko yote ni la dawa. Umeshameza mseto, dawa ya malaria, nusu dozi? Umenunua vidonge viwili vya antibayotiki dukani? Tuambie, hatugombi. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu kinasoma protini iliyoachwa na vimelea kwenye damu. Tusipojua kuwa umetoka kutibiwa, tunaweza kukupa mseto mwingine huku ugonjwa halisi ukiendelea. Tukijua, tunaangalia damu kwa hadubini.

Kikohozi nacho kina ujanja wake. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, nusu ya mji inakohoa, na kifua kikuu hujificha humo humo. Ukifikisha wiki 2, usisingizie salfa; tutakuuliza kuhusu jasho la usiku, kupungua uzito, na kama kuna mwingine nyumbani anayekohoa. Matibabu ya kifua kikuu nchini ni bure.

Maswali ya chumbani pia yapo. Hayo tunauliza mlango umefungwa, na kama umekuja na mama mkwe, tutamwomba kwa heshima asubiri nje. Yanabaki kwetu. Ila magonjwa kama kipindupindu lazima tutoe taarifa kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, ili hatua zichukuliwe kabla hayajasambaa mtaani.

Ukija, beba pakiti za dawa ulizotumia, hata zilizoisha, na kadi ya kliniki kama mgonjwa ni mtoto. Mgonjwa asiyeweza kujieleza aje na mtu anayeishi naye nyumba moja. Dereva wa bodaboda aliyemleta hajui alianza kuharisha lini.