Barua ya wazi kwa Waziri wa Mahekalu, Tamil Nadu: tunaomba kibao cha kwenda kwa Valluvar

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi kutoka Tanga.

Mi si Mtamil wala si Mhindu, ni Muislamu, nilikuja Chennai, huko kwenu India, kumuuguza mama na nadhani unajua Waswahili tunaokuja huko kutibiwa tuko wengi. Kwenye basi nikawa naona mashairi yameandikwa, nikauliza ya nani, kondakta akajibu kwa fahari kabisa, ya Valluvar, mshairi wetu wa kale wa Kitamil! Basi siku moja mama kalala nikatoka kulitafuta hekalu la huyo Valluvar, au Thiruvalluvar kwa heshima, mtaa wa Mylapore.

Bajaji ikanishusha hekalu jingine, Kapaleeshwarar, lile la mnara mkubwa wa marangi. Nikazunguka weee, kibao sikukiona, mwisho bibi mmoja muuza asumini ndo akanielekeza kwa mkono, upande wa hekalu la Mundagakanni Amman.

Nilipofika moyo ulitulia. Valluvar kaketi, kashika jani la kuandikia, mkewe Vasuki naye ana pake, na upo ule mti wa iluppai ambao watu wanaamini alizaliwa chini yake. Mheshimiwa, sisi watu wa pwani tumelelewa na tenzi, ubeti mishororo 4 na bado mtu anahangaika kubana maneno, sasa huyu kural moja, yaani ubeti wake, ni mishororo 2 tu, maneno 4 juu na 3 chini, kwisha, na anazo 1330! Sura ya kwanza ya kitabu chake anamsifu Mungu bila kutaja dini ya mtu, ya pili anasifu mvua. Nilivyoelezwa hivyo nilisisimka mwili.

Kule Kanyakumari, ncha ya kusini ya India, ana sanamu ya futi 133 pamoja na kitako chake, sawa na sura zake 133, na anastahili kabisa. Ila hapa Mylapore ndo wanaposema kitovu chake kilipo, kwa hiyo naomba kibao chenye mshale pale stesheni ya treni ya Mundagakanniamman Koil, na ndani ya hekalu kural chache zenye tafsiri kwa sisi wageni, hata za Kiswahili mkitaka watu wa kutafsiri tupo na hatutaki hela.

Mama anaendelea vizuri alhamdulillahi, kliniki yake ni Januari, wakati wa Pongal, sikukuu yenu ya mavuno, na siku ya Valluvar yenyewe, na kashaniambia safari hii twende wote. Anatembea na mkongojo, kuzunguka kama mimi hawezi.