Jodari: ugomvi wetu hauko The Hague

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita ilizitaka nchi za pwani yetu zifungue kesi kuhusu mgawo wa jodari. Hasira naielewa, ila dawa siyo hiyo.

Tangu Oktoba 12, 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, wengi wanadhani kila ugomvi wa baharini humalizwa The Hague, yaliko makao ya mahakama hiyo. Hukumu ile iligawa eneo. Jodari haulizi mpaka. Leo yuko Somalia, kesho Shelisheli. Kwa samaki wa aina hiyo, kifungu cha 64 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinazitaka nchi zishirikiane. Nani achukue kiasi gani, hakisemi.

Australia na New Zealand zilijaribu mahakama. Mwaka 1999 ziliishtaki Japani kwa sababu ya jodari wa kusini, zikapata amri ya muda kutoka mahakama ya bahari iliyoko Hamburg. Agosti 2000 jopo la waamuzi likasema halina mamlaka juu ya shauri hilo, amri ikafutwa, wakarudi kuzungumza.

Ugomvi wetu uko Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, Shelisheli. Tangu 2011 wanachama wanajadili namna ya kugawana, na fundo ni hili: samaki aliyevuliwa na meli ya Hispania ndani ya maili 200 za Kenya, eneo ambalo nchi ya pwani ina haki ya samaki wake, ahesabiwe wa nani? Wenye meli wanasema wa bendera, yaani wa nchi ambayo meli imesajiliwa. Nchi za pwani zinasema wa mwenye maji. Atakayeshinda hapo ndiye mwenye historia ya uvuvi, yaani rekodi ya samaki wanaohesabiwa wake miaka iliyopita, na mgawo utafuata historia hiyo. Sisi tumeuza leseni miaka nenda rudi. Ada tumekula, samaki wakaandikwa kwenye daftari la mwingine.

Tena majirani hatuko sawa. Shelisheli ina meli kubwa zenye bendera yake na kiwanda cha kusindika jodari, kwa hiyo hesabu zake si zetu. Kenya, Tanzania, Somalia na Msumbiji zingefaa kupatana mapema, na kila leseni mpya iseme wazi kwamba samaki wa maji yetu ni historia yetu.

Gazeti lenu liwaulize wajumbe wetu katika Kamisheni, kabla hawajapanda ndege, wanakwenda kusimama upande gani.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa