Mwanangu, kabati la picha liache

Moshi, Novemba

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku hatujambo. Goti linanisumbua asubuhi, likishapata joto linatulia. Mvua za vuli zimeanza vizuri na migomba imesimama.

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara mbili. Unasema mkija Krismasi tulitoe lile kabati la sebuleni ili wageni wapate pa kulala, na mikanda ya video na DVD tuwape vijana wa vyuma chakavu, kwa kuwa siku hizi kila picha ya sinema ipo mtandaoni. Najua umesema kwa nia njema, mama. Nilitaka kukupigia nikaogopa. Kwenye simu ningesema "sawa" ili tusivutane, halafu ningekesha nikijuta. Kwa hiyo nakuandikia, na naomba usome ukiwa umetulia.

Mikanda iko 61 na DVD 214. Nimezihesabu upya jana, nikazifuta vumbi moja moja.

Deki, mashine ya kuchezea mikanda, tuliipata mwaka 1988, marehemu baba yako alirudi nayo kutoka Nairobi kwenye safari zake za lori. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, vya kwanza vilikuja 1994, kwa hiyo TV bila deki ilikuwa kioo tu. Unakumbuka watu walivyojaa Jumamosi, viatu vimepangwa mpaka barazani. Baba yako na wenzake walitaka karate na picha za Kihindi, na mimi nilizipenda pia, sitakudanganya.

Mwaka 1991 daktari mmoja Mdenishi alimaliza mkataba wake pale hospitalini akawa anagawa vitu vya nyumba. Wenzangu wa wodini walichukua sufuria na mapazia. Mimi nilichelewa kutoka zamu nikakuta katoni moja ya mikanda haijapata mtu. Mmoja kwenye katoni ile ulikuwa Bicycle Thieves, picha ya Kiitaliano ya mwaka 1948. Kava lilikuwa limechanika, sikujua ni nini, tukauweka.

Ni habari ya baba mmoja mjini Roma baada ya vita. Amekaa muda mrefu bila kazi, sasa kapata ya kubandika matangazo ukutani, ila sharti awe na baiskeli. Mke wake anatoa mashuka ya kitandani, wanayaweka rehani ili waikomboe baiskeli. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Basi, picha nzima ni yeye na mwanawe mdogo wakiitafuta mitaani. Aliyecheza yule baba hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na mwongozaji Vittorio De Sica alimchukua hivyo hivyo na mabega yake yaliyochoka. Jirani yetu mmoja aliuliza steringi ataanza kupigana saa ngapi. Hakuna aliyemjibu. Mwishoni yule baba anashindwa, anajaribu kuiba baiskeli ya mtu, anakamatwa, anapigwa makofi mbele ya mtoto wake. Sebule ilinyamaza. Yule yule aliyeuliza habari za steringi akasema polepole, "Mtoto ameona." Alikuwa na baiskeli nje, ndiyo iliyomlishia watoto sita. Kiingereza cha yale maandishi ya chini hakukijua hata neno.

Usiku ule ndipo nilipoanza. Nilimwandikia mjomba wako Copenhagen, nikamwomba kila akija likizo aniletee picha mbili za namna ile badala ya chokoleti.

Hukuyajua matatizo ya kuzichezesha picha za nje kwa sababu ulikuwa mdogo. Binamu yangu aliyeko Marekani alituma mkanda, tukautia kwenye deki, picha ikawa inajiviringisha kama nguo kwenye mashine, kwa sababu Marekani walikuwa na mfumo wao wa NTSC na sisi tulitumia PAL. Zilipokuja DVD nikadhani tumepona, kumbe wameigawa dunia kwa namba: Ulaya ni 2, Marekani ni 1, sisi tumewekwa pamoja na India na Urusi kwenye 5. Diski za mjomba wako zilikataliwa na mashine yetu ya kwanza. Fundi mmoja wa karibu na stendi alibonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti, akaifungua mbele ya macho yangu kwa bei ya soda. Baadaye zikaja mashine za Kichina zinazokubali kila kitu, hiyo ya sasa ni moja yao, na ndiyo maana nakuomba usiibadilishe kwa mpya hata kama sura yake imechoka.

Kuna jambo lilinisumbua mwaka mzima. Tokyo Story, ya Yasujiro Ozu, nilisoma kwamba ina dakika 136. Diski yangu ilikuwa na 130. Nilijua wameikata, nikaumia, nikawa najiuliza ni kipande gani nimenyimwa. Mjomba wako akaulizia huko, akanieleza: picha ya sinema hupita 24 kwa sekunde, mfumo wetu wa televisheni unataka 25, basi walikuwa wanaikimbiza kidogo iingie. Hakuna kilichokatwa. Wale wazee wa Kijapani walikuwa wanatembea haraka kuliko walivyotembea kweli, na sauti zao zimepanda kidogo. Tangu nijue, nikiitazama naipunguzia mwendo moyoni.

Hiyo ndiyo nataka kukueleza zaidi, kwa sababu ndiyo inayonifanya nilishikilie kabati. Mjomba wako aliileta 2006. Niliiweka nikalala katikati. Ni baba na mama wazee wanaosafiri mbali kwenda kuwaona watoto wao mjini, watoto wana kazi, mmoja daktari, mwingine ana saluni, wanawapeleka wazee mahali pa kupumzika ili wapate nafasi. Kamera iko chini, kama mtu aliyeketi mkekani, haiinuki. Niliona haina kitu. Nikairudisha kabatini, ikakaa miaka tisa.

Baba yako alipofariki, baada ya arobaini, mlipokwisha kutawanyika, niliichukua tena. Sijui kwa nini mkono ulikwenda pale. Bibi yule anafariki. Mume wake anatoka nje alfajiri, wanamtafuta, wanamkuta amesimama anatazama jua likichomoza, naye anasema tu kwamba leo kutakuwa na joto. Nilisimamisha picha. Asubuhi tuliyomzika baba yako, shangazi yako alinikuta nyuma ya jiko nikamwambia mvua ikinyesha turubai halitatosha. Watu walidhani sijaelewa kilichotokea. Yule mzee alinieleza mimi kwa mimi.

Nisikilize, mama. Diski ile ile niliyolala nayo. Ilikaa pale ikinisubiri nifike umri wake. Mwaka juzi uliponilipia ile huduma ya mtandaoni nilishukuru na naendelea kushukuru, lakini picha niliyoiweka alama Jumatano ili niitazame Jumapili, Jumapili haikuwepo. Kijana wa jirani akasema haki za kuionyesha zimekwisha muda. Haikunisubiri siku nne, itanisubirije miaka tisa?

Na zile zilizobaki duniani zimebaki kwa sababu mtu fulani hakutupa. Ile ya Joan wa Arc, yule binti wa Kifaransa aliyehukumiwa kuchomwa moto, ya Carl Theodor Dreyer, ya 1928, hasi yake ya kwanza, yaani filamu yenyewe iliyotoka kwenye kamera, iliungua Berlin mwaka ule ule. Dreyer akaunda upya kwa vipande vilivyobaki, navyo vikaungua. Alifariki 1968 akiamini kazi yake kama alivyoifanya imepotea. Mwaka 1981, kwenye stoo ya hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, mfanyakazi akakuta mikebe ya filamu. Ilikuwa ndiyo yenyewe, nakala ya picha kama Dreyer alivyoikata mwanzo. Mimi nimefanya kazi hospitalini miaka 34. Najua stoo za hospitali. Najua jinsi mtu anavyoambiwa "safisha humu, choma hivyo", na huyo mtu hakuchoma. Huwa namwombea bila kumjua jina. Mjomba wako aliniletea yenye maandishi ya Kidenishi na Kiswidi tu, sikuelewa hata sentensi, na sikuhitaji: ni nyuso, nyuso za karibu kabisa, yule binti anatazama kama wagonjwa wanavyotazama wakati madaktari wanazungumza juu yao kwa lugha yao.

Ipo nyingine nataka uichukue wewe, uende nayo Dar. La Noire de..., ya Ousmane Sembène wa Senegali, 1966, ni ya kama saa moja tu. Binti wa Dakar anapelekwa Ufaransa, ameambiwa atalea watoto, anafungiwa jikoni. Hasemi sana, tunasikia anayoyawaza. Itazame pamoja na yule dada anayekusaidia kazi za nyumbani. Mketi kochi moja, umtafsirie. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Sasa kutafsiri. Unakumbuka? Ulikuwa na miaka saba au minane, unaegemea ubavuni, nakusomea maandishi ya chini kwa Kiswahili, taratibu ili baba yako asiamke. Ile ya Kibengali ya Satyajit Ray, Pather Panchali, watoto wawili wanakimbia kwenye nyasi ndefu zenye maua meupe kwenda kuona treni. Uliniuliza kwa nini treni ya Moshi haipiti tena tukaione. Nikakosa jibu, nikaendelea kusoma. Mtaani watu walikuwa na watafsiri wao wenye sauti za radi, wewe ulikuwa na mimi.

Nilichoshindwa kusema kwenye simu ni hiki. Sizisomi tena. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia zaidi. Karibu naona, ndiyo maana kalamu naimudu nikiwa dirishani, lakini maandishi pale kwenye TV yananiyeyukia, hasa hizi za zamani ambazo maandishi ni meupe na shati la mtu ni jeupe. Tangu Pasaka naangalia picha nazozijua kwa moyo tu, nawaacha waseme, namalizia mwenyewe. Usishtuke. Nimepangiwa kupasuliwa Februari, ni jambo dogo, nimewaandaa wagonjwa wengi wa namna hiyo na wameona. Sikutaka tu uache kazi uje mbio.

Kwa hiyo kabati liache. Wageni watalala chumba cha nyuma, nitakodi magodoro mawili. Ukilifungua kabla sijaamka, zingatia haya. Mikanda imesimama wima na imerudishwa mwanzo yote, usiilaze. Mitatu iliyofungwa kwenye nailoni ina kuvu tangu ile masika kubwa, usiitie kwenye deki, itachafua kichwa na kuambukiza mingine. Kichwa cha deki nasafisha kwa spiriti na kitambaa laini, pamba ya wodini hapana, inaacha nyuzi. Diski shika ukingoni. Ukifuta, toka katikati kwenda nje moja kwa moja, usizungushe. Zile za kunakili nyumbani nimeziweka rafu ya chini kabisa, mbali na joto la bati, maana ndizo zinazokufa mapema. Miguu ya kabati iko ndani ya makopo ya oili chafu kwa ajili ya mchwa, mwambie mdogo wa watoto asiyachezee. Na picha za mraba ziache mraba. Mkwe wangu mara ya mwisho alizivuta zijaze kioo, watu wote wakawa wanene, nikanyamaza kwa heshima.

Mimi nimetenga usiku wa tarehe 26, nyama itakuwa imekwisha na wageni wa kijijini wamepanda kurudi kwao. Tutaweka ile ya Tokyo. Usidhani nakusema kwa wale watoto wa mle ndani ya picha, wewe huja kila mwaka na baba yako ulimuuguza kwa mikono yako. Nataka unisomee tu. Taratibu, kama nilivyokuwa nakusomea, na sehemu usizozielewa Kiingereza chake usibahatishe, ruka, nitazijua. Watoto wakae nao, wakilala walale hapo hapo.

TV mpya uliyonitumia haina matundu ya deki, nimepapasa nyuma yote. Ukipita Kariakoo ulizia kile kikebe cha kubadilisha, waya wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, unaingia upande mmoja na HDMI inatoka upande wa pili. Hakikisha kinakubali PAL. Risiti uje nayo.

Mama yako