Jumamosi utampeleka wewe

Mwanangu mpendwa,

Baba yako ameniambia umekubali kumpeleka mdogo wako ziwani kuvua samaki Jumamosi, tena ulikubali kabla hajamaliza kuuliza. Nilifurahi, halafu nikakosa usingizi, kwa sababu nilianza kukumbuka mambo mengi ambayo sikuwahi kukufundisha. Nilikuwa nayafanya mwenyewe wewe ukiangalia maji. Ningekuja, ila goti hili halijapona, na mteremko ule ukishika barafu hata mwenye magoti mazima huushuka kwa makalio. Ningekupigia simu pia, lakini nakujua: ungesema "sawa, Mama" mara kumi na mbili na usikumbuke hata moja.

Kwanza, msiamke alfajiri. Wavuvi hupenda kujisifu kwamba walifika gizani, na wakati wa joto wana haki yao. Wakati wa baridi ni ujinga. Samaki hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata maji aliyomo, kwa hiyo maji yakipanda hata nyuzi moja au mbili yeye anaona kama mtu amewasha moto chumbani. Mvue kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri, basi. Laleni, kuleni mshibe, ndipo mtoke. Ukifika, usikimbilie pale penye maegesho kama watu wengine. Tafuta ukingo unaopigwa na jua na uliokingwa na upepo, hasa wenye mawe meusi, maana jiwe jeusi hula joto la jua na kulipenyeza polepole kwenye maji yaliyo jirani nalo.

Uliwahi kuniuliza ukiwa mdogo kwa nini ziwa haligandi kuanzia chini, nikakujibu kwamba Mungu hapendi samaki wafe. Silikani jibu langu, ila kuna na lingine. Maji huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote yakiwa na nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Yakipoa mpaka hapo huzama. Yakizidi kupoa huanza kuwa mepesi tena, yanabaki juu, na huko juu ndiko barafu inakoanzia. Kwa hiyo kwenye baridi kali ziwa limepinduka: juu ndiko kwenye baridi zaidi, chini kuna nafuu. Yule samaki tunayemwita besi anaijua nafuu hiyo. Hushuka kinani, hasa pale ukingo unapokatika ghafla, kwenye miamba na magogo yaliyozama, na hujazana wengi mahali padogo. Ndiyo maana unaweza kutupa mshipi saa mbili nzima usiguswe, kisha ukapata watatu pale pale. Ukimpata mmoja, usihame.

Lakini usianze na besi. Nakuomba. Mtoto wa miaka saba hana subira ya besi wa majira haya. Huyo ni samaki wa maji ya uvuguvugu, anayachangamkia ya nyuzi 20 na zaidi. Yakishuka chini ya 10 anakuwa kama mzee aliyejifunika blanketi. Alichomeza kinakaa tumboni muda mrefu, kwa hiyo hana haraka ya kula tena. Trauti ni mwingine kabisa. Yeye raha yake ni nyuzi 10 mpaka 16 hivi, na hata zikiwa 5 bado anazunguka akitafuta riziki. Maji baridi yanamfaa kwa pumzi pia: lita moja ya maji ya nyuzi 0 hubeba miligramu 14 na kitu za oksijeni, na yakifika nyuzi 20 zinabaki 9 tu. Basi anza na trauti. Mdogo wako akishapata mmoja, atakuvumilia wewe na besi wako.

Kwa trauti, tumia kile kijiko kidogo cha rangi ya fedha, yaani chambo bandia cha bati, na mshipi mwembamba, ule unaohimili kilo mbili. Maji ya majira haya huwa maangavu, mshipi mnene anauona. Mwache mdogo wako atupe mwenyewe hata kama kijiko kitaangukia miguuni pake. Akiache kijiko kizame, uhesabu naye moja hadi tano, kisha avute taratibu, akisita kidogo kila baada ya mizunguko michache ya rili. Trauti wengi huuma wakati wa kusita huko. Kama mtakwenda upande wa mto, wapo kwenye vidimbwi vya maji yanayokwenda polepole, hawapotezi nguvu kupigana na mkondo. Hapo tia mnyoo na chubwi ndogo, aburure chini chini. Ila angalia mnapokanyaga. Trauti wa kahawia hutaga mayai mwisho wa mwaka unapoingia kwenye baridi, na huyafukia kwenye kokoto za mtoni. Ukiona kokoto zimefagiliwa zikawa safi kuliko za pembeni, usipite juu yake, na usimvue samaki aliye hapo. Kanuni za leseni yako zinasema wapi pamefungwa na lini. Ziko kwenye lile kasha la chambo, zisome kabla, si mkishafika.

Besi ukimtaka, chukua jigi ndogo, ile ndoano yenye kichwa cha risasi, itupe pale penye ukingo uliokatika, iache ifike chini kabisa. Halafu kokota. Ukidhani unakokota polepole, punguza nusu. Iburute kiasi cha shibiri, nyamaza, hesabu mpaka kumi, buruta tena. Babu yako alikuwa akisema mvuvi wa besi wakati wa baridi lazima awe na deni moyoni, ili awe na la kufikiria. Na usitegemee mtikisiko. Hatavuta. Utaona tu mshipi umekuwa mzito, kama umeokota jani lililolowa. Hilo jani ndilo samaki. Kaza mshipi, nyanyua fimbo kwa utulivu. Nimewapoteza wengi kwa kungoja jani litetemeke.

Mambo ya vidole. Usiku wa Ijumaa, mezani, funga ndoano na vijiko vyako vyote kwenye vipande vya mshipi, vinane au kumi, uvizungushie kwenye kipande cha boksi. Kesho yake hutaweza kufunga fundo, niamini mimi. Na kila fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana mshipi mkavu ukisuguana huungua na kudhoofika, nawe utamlaumu samaki. Zile pete za fimbo zitashika barafu. Usizigonge, zitavunjika, tumbukiza ncha ya fimbo majini, barafu iyeyuke, kisha uipangushe kwa vidole.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Kuna siku hatujawahi kuizungumza. Ulikuwa na miaka minane. Asubuhi nzima hatukupata kitu, na mimi nilikuwa nimeshafungasha nusu ya vitu, ndipo trauti wakaja. Nadhani ilikuwa kama saa tisa. Nilipata wanne ndani ya nusu saa, mmoja mkubwa kiasi kwamba nilipiga ukelele. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu na fimbo yako, kimya. Nikajisemea, mtoto ameiva huyu, amejua kusubiri. Nikatupa tena. Nikatupa tena.

Nilipogeuka, glavu zako zilikuwa chini. Zilikuwa zimelowa, ukazivua bila kuniambia. Ulikuwa umeishika fimbo kwa mikono mitupu, na nilipokuambia uiachie, hukuweza. Nilikunjua vidole vyako kimoja kimoja kutoka kwenye mpini, vilikuwa vigumu na vyeupe kama mishumaa. Nikakuuliza kama uko sawa, ukasema uko sawa, lakini maneno yalitoka kama ya mtu anayetafuna. Na hukuwa unatetemeka. Ulikuwa umeshaacha kutetemeka. Mtu aliye kwenye baridi akitetemeka, mwili wake bado unapigana. Akiacha kabla hajapata joto, anakwisha. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nalijua tangu kabla hujazaliwa, na bado nilitupa tena.

Nilikubeba hadi garini. Baba yako alikuvua nguo zilizolowa, akafungua koti na shati lake, akakuweka kifuani kwake, mikono yako kwapani mwake. Hakukusugua, na alifanya vizuri, kwa sababu ngozi iliyoganda ukiisugua unaiumiza. Ulipoanza kulia kwa maumivu ya vidole kurudiwa na damu, ndipo akakunywesha chai, kidogo kidogo, kwa kifuniko cha chupa. Mimi hakunisemesha mpaka usiku. Wewe kesho yake ulikumbuka samaki tu, ukawa unahadithia shuleni jinsi mama alivyopata wanne. Nikakuacha uamini hivyo. Miaka yote hii nimekuacha uamini hivyo, na nilipaswa kukuomba msamaha siku ile ile. Nisamehe, mwanangu.

Kwa hiyo mdogo wako usimpime kwa malalamiko. Yule ni kasuku, unamjua, akinyamaza, fungasheni. Akidondosha kitu mara mbili, fungasheni. Akisema hajisikii baridi tena, usifungashe, mbebe, vitu utavirudia. Na isiwe kwa sababu samaki hawali. Iwe hata kama wanakula. Hasa kama wanakula.

Mvalishe nguo tatu: ya ndani ya sufu au ile ya michezo inayokauka upesi, katikati ya kutia joto, juu ya kuzuia upepo. Pamba isiguse ngozi yake, hushika jasho na maji, na mwili uliolowa hupoteza joto haraka mno. Viatu visimbane. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni baridi kuliko soksi moja, vidole vinataka nafasi ya kuchezacheza. Beba taulo kavu kwa ajili ya mikono tu, isifanye kazi nyingine.

Jaketi okozi avae tangu anaposhuka garini, na wewe pia, usijifanye mtu mzima. Kuogelea hakutakusaidia kama unavyofikiri. Anayetumbukia kwenye maji ya baridi kali, kwa dakika moja ya kwanza pumzi yake haimtii, anavuta hewa kwa kushtuka, na kama kichwa kiko chini anavuta maji. Akitulia, ana kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inafanya kazi. Baada ya hapo ana labda saa nzima kabla hajazimia, lakini mikono haishiki kitu, na asiye na jaketi atazama kabla baridi haijammaliza. Ile barafu ya ukingoni asiikanyage. Watu husema sentimita 10 za barafu angavu na ngumu zinambeba mtu anayetembea, ni kweli, lakini ile ya ukingoni kwetu huwa nyeupe na yenye mapovu, na nyeupe ina nguvu kama nusu tu ya ile angavu.

Mtakaowarudisha majini, lowanisheni mikono kwanza kabla ya kuwashika, ute wao usitoke. Wasilazwe kwenye theluji wapigwe picha. Matamvua na macho huganda upesi sana hewani, anarudi majini anaonekana mzima kumbe ameshakufa. Mdogo wako akitaka picha, samaki abaki majini, yeye ainame. Mmoja wa kula mnaweza kuja naye, kama kanuni zinaruhusu. Baba yako ameshaulizia.

Unajua hadithi anayoipenda kuliko zote ni ile ya George Perry, kijana mkulima wa Georgia, Marekani, aliyemvua besi wa aina ya mdomo mpana, wa kilo 10 na kitu, mwaka 1932. Hajawahi kuvuliwa besi wa aina hiyo aliyemzidi waziwazi. Manabu Kurita wa Japani alimfikia mwaka 2009 kwenye ziwa Biwa, wakaandikwa pamoja kwenye rekodi ya dunia. Baba yako hajali rekodi. Anachopenda ni kwamba Perry alimpima samaki wake, akampeleka nyumbani, wakamla. "Huyo ndiye mvuvi," anasema, yeye ambaye hajawahi kushika ndoano, kazi yake ni kulinda chupa ya chai garini. Safari hii pia atakuwa garini. Mwambie asizime injini kwa ubahili.

Vaa koti langu la kijani, lako linapitisha upepo. Glavu za akiba za mdogo wako ziko mfuko wa ndani, jozi mbili. Usizitoe mpaka zile za kwanza zilowe, na zitalowa. Mfuko wa kulia una tobo, usiweke funguo humo. Mkirudi garini nipigie mkiwa hapo hapo, msingoje kufika nyumbani.

Mama yako